Kipindi cha 45

Nianze na hesabu, ndugu msomaji, maana mkusanyaji asiyejua hesabu ya vitu vyake hana tofauti na mtu anayelundika taka. Ninazo kanda sita za VHS za Kimarekani, nne kati yake zimeota koga. Ninayo kanda moja ya dakika 180 iliyonakiliwa kutoka deki moja kwenda nyingine, picha yake chenga tupu. Ninazo diski kumi na mbili za Kichina, zile zinazouzwa ndani ya mfuko wa nailoni na karatasi ya rangi iliyofotokopiwa. Ninalo sanduku la DVD la kampuni ya ADV Films la mwaka 2003, limepasuka kona. Na ninalo sanduku la kwanza la Viz Media, la Novemba 2014, ambalo nimelifungua mara mbili tu kwa kulionea huruma. Vyote hivyo ni katuni moja ya Kijapani: Sailor Moon. Vimo ndani ya sanduku la bati, lile la kwendea bweni, chini ya kitanda, na ufunguo ninao mimi.

Najua mnavyocheka. Pale nyumbani Tarime walicheka kabla yenu. Mwanamke mzima, ana digrii yake, ana kazi yake, mshahara ukitoka anaulizia katuni! Mshikaji mmoja niliyesoma naye alinishauri bora ninunue kiwanja. Kiwanja nimenunua, lakini hakina hadithi, kina mgogoro wa mpaka tu.

Kwa asiyeijua, Sailor Moon ilichorwa na mwanamama anayeitwa Naoko Takeuchi, na kampuni ya Toei Animation ikaigeuza kuwa katuni ya televisheni. Ilianza kurushwa Japani tarehe 7 Machi 1992 na ikaisha tarehe 8 Februari 1997, vipindi 200 kamili. Mhusika mkuu ni Usagi Tsukino, msichana wa miaka 14, anasoma shule ya kawaida mjini Tokyo. Ni mvivu, analialia, anapenda kula, na mitihani anafeli vibaya. Siku moja anakutana na paka mweusi anayeitwa Luna, paka anampa kibizimu cha kubandika kifuani, na akitamka maneno fulani nguo zake zinabadilika kwa mataa na utepe, anakuwa mpiganaji. Baadaye wanaongezeka wenzake wanne: Ami mwenye akili za darasani, Rei wa hekaluni, Makoto mrefu anayejua ngumi na kupika, na Minako. Adui wao wa awamu ya kwanza ni Malkia Beryl.

Hadithi za namna hii Wajapani wenyewe huziita za msichana wa uchawi. Nilimwambia mama jina hilo, akaacha kuchambua mchele. "Kwa hiyo huyo mtoto ni mchawi?" Nikamwambia hapana mama, ni mwanafunzi. Akaridhika, akaendelea na mchele.

Tena jina la Usagi maana yake ni sungura, na Tsukino ukilitamka haraka ni "wa mwezini". Sungura wa mwezini! Wajapani wakitazama mwezi ukiwa mpevu huona sungura ndani yake. Wamarekani walipotafsiri walitupa sungura wote wakamwita Serena. Mimi nikija kujua hilo nilisikitika sana, kwa sababu sisi ndio tungemwelewa sungura kuliko mtu yeyote, ingawa sungura wetu ni mjanja na wa kwao ni mzembe.

Zile kanda sita zilitufikia mwaka 2002. Familia moja ya Wamarekani waliokuwa wakifanya kazi za misheni huko Serengeti walikuwa wanarudi kwao moja kwa moja, wakauza vitu vya nyumba: vitanda, friji ya mafuta ya taa, vitabu, midoli. Baba mdogo, aliyekuwa fundi seremala, aliwatengenezea makreti ya kusafirishia vitu, na sehemu ya malipo yake ikawa boksi la kanda ambazo hakuna aliyezitaka. Alilibeba kwenye basi kutoka Mugumu mpaka Tarime, vumbi tupu, akitumaini zina picha za vita. Alipoona wasichana wenye sketi fupi na mapinde kwenye majalada alilisukumia kwangu. Nilikuwa na miaka 14, sawasawa na Usagi.

Shida ikawa kuziona. Sisi nyumbani hatukuwa na deki. Kibanda cha video kilikuwa karibu na stendi, mabenchi ya mbao, gunia jeusi dirishani, na sisi wasichana tuliruhusiwa mchana tu, usiku palikuwa pa masela. Mwenye banda alikubali kunijaribia kanda asubuhi kabla ya wateja. Akaisukuma ndani, na tukaona nini? Picha nyeusi na nyeupe inayopanda juu kama gurudumu, halafu sauti ya msichana analia kwa Kiingereza. Mwenye banda akaipiga deki kofi. Akasema, "Wewe binti, umeniletea kanda ya majini."

Majini hayakuwapo. Baadaye fundi wa Sirari ndiye aliyenieleza. Kanda za Marekani zilirekodiwa kwa mtindo wa NTSC, mistari 525, picha zikienda kwa kasi ya 60 kwa sekunde kwa kuhesabu nusu nusu. Televisheni zetu zilikuwa za PAL, mistari 625 kwa kasi ya 50. Ukizikutanisha bila deki ya mifumo yote, rangi inapotea na picha inabingirika. Fundi huyo alikuwa na deki ya namna hiyo, iliyotokea upande wa Isebania, na kwa shilingi mia tano alinikalisha kwenye kiti katikati ya redio zilizofunguliwa matumbo nikaona kwa mara ya kwanza kwamba nywele za Usagi ni za njano. Ndiye pia aliyeninakilia ile kanda ya chenga, akavihamishia vipindi kwenye PAL ili niweze kuviona popote.

Kanda moja ilikuwa na vipindi viwili. Kwa hiyo kwa miaka minane ulimwengu wangu wa Sailor Moon ulikuwa vipindi kumi na viwili, tena si vya kufuatana. Nilikuwa na mwanzo, nilikuwa na vipande vya katikati, na nilikuwa na kile ambacho kwenye kanda kiliitwa "Day of Destiny", yaani siku ya majaliwa, mwisho wa awamu ya kwanza. Hivyo vingine nilivijaza kwa kichwa.

Vijana wa leo wenye bando wanaona kila kitu kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho kwa usiku mmoja, na sina ugomvi nao. Lakini nawaambia, ukiwa na vipindi kumi na viwili kati ya mia mbili unavijua kama unavyojua njia ya kwenda kisimani. Najua pumzi ya kila mtu. Najua mahali mkanda ulipokunjika, Luna anapotamka neno moja mara mbili.

Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la saba, lakini kati ya mabinti wa mtaa wetu ndicho kilichokuwapo. Basi nikawa mfasiri. Wale wa umri wangu mnakumbuka Lufufu, yaani Derek Mukandala, na wenzake waliomfuata, jinsi walivyokuwa wakichukua picha za Hong Kong au za Marekani na kuzisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya wahusika. Kanda za aina hiyo zilifika mpaka kwetu. Lufufu hakuwa anatafsiri, alikuwa anatengeneza. Polisi wa New York alikuwa anaweza kupewa shemeji Mbagala, na watu wakaona sawa. Mimi nilimwiga. Nilikaa mbele ya televisheni ya jirani, mabinti saba nyuma yangu, nikiwasimulia kwa Kiswahili na pale nilipokwama kwa Kikurya. Makoto nilimpa ukoo. Malkia Beryl nilimfanya mke mwenza.

Kitu kimoja tu sikukisimulia. Wamarekani mwishoni mwa vipindi walibandika kipande kifupi cha mawaidha: kula vizuri, watii wazazi, usidharau wenzako. Hakikuwamo katika kazi ya Kijapani. Ikifika hapo nilikuwa narudisha mkanda nyuma, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Sasa nimlete mdogo wangu. Ni binti wa huyo baba mdogo fundi seremala. Aliletwa kwetu mjini mwaka 2006 akiwa darasa la tatu, kwa sababu shule ya kijijini kwao upande wa Nyamwaga ilikuwa mbali. Mtoto mkimya, mwenye kuuliza swali moja kwa siku, na swali lenyewe likiwa zito. Wakati huo nyumbani tulikuwa tumeshanunua televisheni na deki ya mifumo yote, mimi nilikuwa sekondari ya bweni, nikirudi likizo namkuta ameziangalia zile kanda peke yake bila sauti, anazijua zote.

Swali lake la kwanza juu ya Sailor Moon aliniuliza akiwa darasa la tano. "Dada, hawa wanne walienda wapi?"

Nieleze hapo. Katika ile "Day of Destiny" Usagi na wenzake wanakwenda kwenye barafu kaskazini mwa dunia kupambana na jeshi la Beryl. Wanashambuliwa. Kisha mmoja mmoja wale marafiki wanne wanatoweka, na wahusika wanasema wametekwa, wamechukuliwa na upande wa adui, wamefungwa huko. Usagi anabaki peke yake, anapigana na Beryl, anashinda. Asubuhi wote wapo, wazima, kama hapakutokea kitu. Nilimjibu mdogo wangu kama kanda inavyosema: walichukuliwa, halafu wakarudi.

Akatikisa kichwa. "Hawakuchukuliwa. Wamekufa. Wanaficha."

Nikamuuliza amejuaje. Akanijibu bila kupandisha sauti, kama mtu anayetaja bei ya sukari. Kijijini kwao kulikuwa na binti mkubwa kidogo kuliko yeye, akakeketwa mwezi wa Desemba, hakurudi. Watoto walipouliza waliambiwa amekwenda kwa shangazi yake. Hakukuwa na matanga. Hakuna mtu aliyelia hadharani, kwa sababu aliyefia kwenye tohara kwa mila halilii mtu, ni mkosi. "Wakisema amechukuliwa," akaniambia, "ndiyo hivyo."

Kwa msomaji wa mbali niseme kidogo, wa Mara ananijua ninakoelekea. Kwa Wakurya wa Tarime na Serengeti msimu wa kukeketa wasichana huja miaka inayogawanyika kwa mbili, mwezi wa Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Wazee wa mila wa kila ukoo hukaa na kuamua. Kukishaamuliwa barabara zinajaa filimbi na nyimbo. Msichana asiyekeketwa huitwa msagane, na hilo si jina la kuitwa mbele ya watu. Aliyekeketwa anaolewa kwa ng'ombe wengi zaidi. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilishakataza kumfanyia hivyo msichana wa chini ya miaka 18, lakini sheria ilikuwa kwenye makaratasi na ngariba alikuwa jirani. Mimi mwenyewe Desemba ya 2002 mama aliniondoa alfajiri kwenda kwa mjomba Musoma. Mama ni Mjita, kwao hawakeketi, na baba aliamua kutokuona begi langu likitoka. Bibi mzaa baba hakuongea na mama kwa mwaka mzima.

Basi tangu siku ile ya swali, kukusanya kwangu kukabadilika. Kabla ya hapo nilikuwa nataka tu vipindi vingi zaidi, kama mtoto anayetaka pipi. Sasa nilitaka kujua kama mtoto wa darasa la tano amemshika mtu mzima wa Marekani kwenye uongo.

Mwaka 2009 nilikuwa nasoma Mwanza. Kwenye kompyuta ya kukodi, shilingi elfu moja kwa saa, nikasoma yaliyotokea. Kampuni ya DIC ndiyo iliyoitengeneza Sailor Moon ya Kiingereza mwaka 1995. Katika vipindi 89 vya awamu mbili za kwanza walitoa 82. Katika awamu ya kwanza vitano waliviacha kabisa, na viwili vya mwisho, cha 45 na cha 46, walivikatakata wakaviunganisha kuwa kimoja. Ndicho hicho cha kwenye kanda yangu. Kwa Kijapani, katika kipindi cha 45, wale wasichana wanne wanakufa. Mmoja baada ya mwingine, kwenye theluji, kila mmoja akijitoa ili Usagi apite.

Nilikaa pale nje ya duka la kompyuta. Wenye kukata walikuwa na hoja yao, watoto wadogo wataogopa. Nisingewabishia sana kama nisingekuwa na mtoto mdogo nyumbani aliyekwisha kuona mahali palipokatwa.

Na hawakuishia hapo. Zoisite, mwanaume anayempenda mwanaume mwenzake Kunzite, walimfanya mwanamke. Baadaye, katika awamu ya tatu iliyotafsiriwa na watu wengine, Haruka na Michiru, wasichana wawili wapenzi, wakafanywa binamu. Nikisema hayo kwa kupita tu, kila mtu ana jambo lake la kuficha, na walifanya kazi hiyo kwa bidii.

Nikaanza kutafuta kazi isiyokatwa. Mwanza pale sokoni nilipata zile diski za Kichina, elfu moja mia tano kila moja. Sauti ya Kijapani, maandishi ya Kiingereza ambayo hata aliyeyaandika nadhani alikuwa na haraka ya kwenda chooni. Lakini picha ilikuwa kamili. Nikapanda nazo basi kurudi Tarime likizo ya katikati ya mwaka 2010, mimi na mdogo wangu tukakesha siku tatu. Cha 40, cha 41, cha 42. Diski iliyofuata ikafika cha 44, picha ikaganda kwenye uso wa Luna, deki ikaanza kukoroma. Tuliifuta kwa pamba na spiriti, tukaifuta kwa dawa ya meno, tukaiweka kwenye friji la jirani kama mtu mmoja alivyotushauri. Haikusoma tena mpaka leo. Ninayo, namba nane katika zile kumi na mbili.

Mwaka huohuo wa 2010 unagawanyika kwa mbili. Mdogo wangu alikuwa na miaka 14, amemaliza darasa la saba Septemba, anasubiri matokeo. Mwanzoni mwa Desemba simu ikaja kutoka kijijini kwamba mtoto aende akasalimie. Hakuna aliyetaja jambo lenyewe. Baba yangu akasema huyo ni mtoto wa mdogo wangu, siwezi kumkatalia baba yake. Mama akanipigia Mwanza akilia.

Nikitaka kuwafurahisha ningeandika kwamba alipata ujasiri kutoka kwenye katuni. Haikuwa hivyo. Ujasiri aliupata kwa mwalimu mmoja wa kike na wasichana wawili wa darasa lake, waliokuwa wamesikia kwamba kituo cha masista cha Masanga kinapokea mabinti mpaka msimu upite. Waliondoka watatu, usiku, kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Hakubeba kanda. Alibeba sweta na sabuni.

Kule kambini, alinisimulia baadaye, mchana kulikuwa na masomo, nyimbo na michezo, ila usiku ulikuwa mrefu. Mabinti walikuwa wengi, kila mmoja ana nyumba anayoiwaza. Wakawa wanapeana hadithi kwa zamu. Ilipofika zamu yake, huyu mtoto mkimya, akawapa Sailor Moon kwa Kikurya, siku nne mfululizo, kwa namna niliyokuwa nikisimulia mimi, na Beryl yuleyule mke mwenza. Wakaipenda kupita kiasi. Alipofika kwenye theluji akakwama. Aliwaambia kuna mwisho wa aina mbili, mmoja wanasema wametekwa, mwingine dada yangu amesoma kwamba wanakufa, ila hatujauona. Bweni likagawanyika. Upande mmoja hawakutaka wafe. Upande wa pili, na hao ndio waliokuwa wengi, walisema kama wamekufa isemwe.

Alipotoka huko Januari hakunisalimia vizuri kwanza. "Dada, tafuta mwisho. Kuna watu wananisubiri."

Desturi ya kituo ilikuwa mzazi kutia sahihi mbele ya viongozi kwamba hatamgusa mtoto, ndipo amchukue. Baba mdogo hakwenda kutia sahihi. Mdogo wangu akabaki kwetu moja kwa moja, akaingia kidato cha kwanza. Kati ya wale wawili walioondoka naye, mmoja naye alisoma. Wa pili baba yake alitia sahihi, akamchukua, na kufikia Pasaka tulisikia ameshakeketwa na ameolewa upande wa pili wa mpaka.

Sanduku la ADV likaja Desemba 2011. Lilikuwa limeacha kuuzwa miaka mingi nyuma, kampuni ilipopoteza haki mwaka 2004. Binamu yetu mmoja wa Kehancha aliyekuwa akiishi Minnesota alilipata limetumika, akalileta kwenye begi katikati ya soksi. Diski za Marekani hazikubali kila mashine, ila mashine ya Kichina pale nyumbani ilikubali bila maswali. Tukakaa. Nyumba nzima ilikuwa imelala.

Sitawasimulia chote. Anatangulia Makoto, halafu Ami. Ami, yule wa vitabu, anapambana na adui mpaka hana nguvu tena, na anaanguka kimyakimya. Minako. Mwisho Rei, ambaye siku zote alikuwa akigombana na Usagi. Hakuna anayesema wamechukuliwa. Usagi anawaona. Analia, na safari hii hakuna anayemcheka.

Mdogo wangu alikuwa anahesabu kwa vidole. Kidole cha nne kilipokunjwa akasema, "Haya. Nilikwambia."

Tukaendelea na cha 46. Usagi anashinda kwa kutoa roho yake, na kabla ya kukata pumzi anaomba kitu kimoja: arudi kuwa msichana wa kawaida, asubuhi achelewe shule. Ombi linakubaliwa. Wote wanarudi kwenye maisha yao ya kawaida, Usagi anachelewa shule. Mimi hapo machozi yalikuwa yananitoka, kwa sababu nilikuwa nimelisubiri jambo hili miaka tisa. Nikamgeukia, nikakuta amekasirika.

"Hawakumbuki?"

Nikamwambia ndiyo, kumbukumbu zimefutwa, ndiyo sharti.

"Yaani wenzake wamekufa mbele yake, halafu anaamka, hakumbuki hata mmoja?" Akanyamaza. Halafu akamtaja yule rafiki yake wa Pasaka kwa jina lake, mara moja tu, akaenda kulala.

Desemba 2012 alirudi Masanga, safari hii si kwa kukimbia, kwenda kusaidia wadogo. Akawamalizia hadithi. Wanne wanakufa, wanne wanafufuka, Usagi anachelewa shule. Ila katika masimulizi yake wanakumbuka. Wanakutana getini asubuhi, wanatazamana, kila mmoja anajua mwenzake alimfanyia nini, kisha kengele inalia.

Tumegombana sana kwa hilo, mpaka leo tunagombana. Mimi ni mkusanyaji, nataka kitu kama kilivyotoka mkononi kwa aliyekitengeneza. Nilitumia miaka tisa na nauli nyingi kuwakimbia watu waliogusa kipindi cha 45, halafu ndani ya nyumba yangu anatokea mwingine anagusa cha 46! Nilimwambia wewe huna tofauti na DIC. Akaniambia, "Na wewe huna tofauti na Lufufu, Beryl mke mwenza alitoka wapi?" Sikuwa na la kujibu kwa Beryl. Ila bado nashikilia: mwisho wa kusahau ndio mwisho uliotengenezwa, na una uchungu wake ambao yeye hataki kuupa nafasi. Yeye anasema uchungu huo ni wa mtu ambaye hakuwa na rafiki wa kumsahau.

Mugumu nako nyumba salama ilifunguliwa mwaka 2014, na kazi ya Rhobi Samwelly na mabinti waliokimbilia kwake ikaja kutengenezewa filamu, In the Name of Your Daughter, ya Giselle Portenier, mwaka 2018. Mdogo wangu aliiona. Aliniambia jambo alilolipenda ni kwamba mle ndani watu wanakumbuka. Akanitazama wakati anasema, ili nijue kombora limetoka upande gani.

Siku hizi yeye ni muuguzi huko Mwanza. Ana binti wa miaka mitano, ambaye anapenda Luna tu, hao wengine kwake ni watu wanaomzuia paka asionekane. Nilipompelekea lile sanduku la Viz aliangalia vipindi viwili, tena kwa tafsiri mpya ya Kiingereza ambamo Usagi anaitwa Usagi, akalala usingizi. Mama yake akasema mwache, cha 45 bado kipo mbali.

Kilichobaki ni koga. Kanda za VHS haziharibiki kwa kuchezwa tu, zinaharibika kwa kukaa, hasa kwenye unyevu, na Tarime masika si mchezo. Nimejaribu kuziweka na mchele, nimejaribu kuzianika kivulini. Nne zimekwisha. Hiyo ya "Day of Destiny", ile ya uongo, ndiyo iliyoharibika zaidi, na ndiyo ninayoitaka kuliko zote, kwa sababu DVD yake ya mtindo ule uliokatwa ilitolewa na ADV mwaka 2002 na sijawahi kuishika. Nataka kuwa nazo zote mbili, iliyokata na isiyokata, moja juu ya nyingine ndani ya sanduku la bati. Kama kuna msomaji wa ukurasa huu mwenye kanda hiyo, au jirani yake anayo, au ameiona kwenye meza ya mitumba Sirari, Musoma au popote, aandike kwa mhariri. Hali yake si neno, hata ikiwa na chenga. Ninayo deki ya mifumo yote, inafanya kazi, na kichwa chake nimekisafisha wiki iliyopita.